Matawi yaliyoasi: historia ya zabibu na kromosomu zake

Najua nimewatupa wiki mbili nzima, ila UE ziko mlangoni na maktaba imejaa mpaka watu wanasomea kwenye ngazi. Leo naandika kitu ambacho hakimo kwenye silabasi, lakini kimenikaa kichwani tangu ule mhadhara wa mgawanyiko wa seli. Kinahusu zabibu. Ndiyo, hizi hizi tunazouziwa huku Dodoma, tena mara mbili kwa mwaka maana mzabibu wa huku unavunwa misimu miwili.

Tulifundishwa hivi: kosa likitokea kwenye seli ya kawaida ya mwili, halirithiwi. Mwenye mwili akifa, nalo limekufa. Kinachorithiwa ni kile kilichomo kwenye mbegu ya kiume na yai. Sawa kabisa kwa mimi na wewe na mbuzi. Kwa mzabibu hapana, na historia yake karibu yote imejengwa juu ya hiyo "hapana".

Sababu ni rahisi. Mkulima wa zabibu hapandi kokwa. Anakata pingili ya mti anaoupenda, anaichomeka ardhini au anaiunganisha kwenye shina jingine. Mti mpya si mtoto, ni mti ule ule umehama makazi. Mwaka 2019 watafiti walipima DNA ya kokwa za kale zilizochimbuliwa Ufaransa, na kokwa moja kutoka Orléans, ya miaka kama 900 iliyopita, ikaonekana ni Savagnin Blanc, aina ambayo bado inalimwa leo. Miaka 900 ya kukata na kuchomeka! Mti wa namna hiyo haufi, na kosa lililoingia kwenye chipukizi lake halifi pia, mradi awepo mtu wa kulikata na kulipanda.

Makosa yenyewe sasa. Mzabibu wa kawaida una kromosomu 38, yaani jozi 19. Seli ikitaka kugawanyika inanakili zote, nakala zinavutwa huku na huku, zinatoka seli mbili zenye 38 kila moja. Lakini kuna siku seli inanakili halafu haigawanyiki. Inabaki moja yenye 76. Ikitokea hivyo kwenye ncha ya chipukizi, kinaweza kutoka kitawi chenye majani mazito na zabibu kubwa kuliko za ndugu zake kwenye mti huo huo. Wakulima walikuwa wanayaona matawi ya aina hii bila kujua ndani kuna nini. Ilibidi zije hadubini nzuri na watu wenye subira ya kuhesabu vijiti vidogo ajabu (zabibu ina kromosomu ndogo kweli kweli). Mwaka 1929 Bernhard Nebel alichapisha hesabu zake, na zile aina zilizoitwa "gigas", majitu, zikakutwa na 76. California, Harold Olmo aliendelea na kazi hiyo miaka ya 1930, akifuatilia matawi yaliyobadilika shambani.

Anayenivutia zaidi ni Mjapani, Yasushi Oinoue. Mwaka 1937 alichanganya aina mbili, Ishihara Wase na Centennial. Zote mbili zilikuwa matawi yaliyoasi: ya kwanza ilitoka kwenye Campbell Early, ya pili kwenye Rosaki, zote zikiwa na kromosomu 76. Mwaka huo huo wa 1937 ndipo Wamarekani walipotangaza kwamba dawa ya kolchisini inaweza kulazimisha kromosomu ziwe maradufu. Oinoue hakuihitaji, makosa ya shambani yalikuwa yamemfanyia kazi tayari. Zabibu aliyoipata ikaitwa Kyoho, "kilele kikuu", kwa heshima ya Mlima Fuji. Jina lilitolewa miaka ya 1940, Japani ikiwa imetoka vitani na haina kitu. Na leo? Ripoti ya 2017 ya Shirika la Kimataifa la Mizabibu na Mvinyo iliipa hekta 365,000, nambari moja duniani, mbele ya Cabernet Sauvignon. Zaidi ya 90% ziko China. Yaani tunakaririshwa majina ya mvinyo wa Kifaransa, kumbe aliyeshika dunia ni zabibu ya kula tu, nene kama kidole gumba.

Ila ina tabu yake. Kyoho inapukutisha maua, kichala kinabaki na mapengo kama meno ya babu. Nguvu nyingi za mti zinachangia. Lakini mizabibu ya 76 kwa ujumla inahangaika kwenye meiosisi, ule mgawanyiko wa kutengeneza chavua na mayai. Kromosomu zimezoea kutafutana mbili mbili. Ukiweka nne za aina moja zinagombania wenza, nyingine zinaachwa pembeni, mgawo hautoki sawa. Na ukimchanganya mwenye 76 na mwenye 38 unapata mwenye 57, ambaye karibu hazai kabisa.

Kuna kingine kilichonishangaza: kosa linaweza kukaa kwenye tabaka moja tu la mti. Pinot Meunier, ile ya Champagne yenye majani kama yamenyunyiziwa unga, ni mti wa tabaka mbili: ngozi ya nje ina jeni iliyobadilika, ndani ni kama Pinot ya kawaida. Mwaka 2002 Boss na Thomas kule Australia walikuza mti mzima kutoka tabaka la nje peke yake. Ukatoka kibeti, na pale panapotakiwa kuwa na vikono vya kujishikia ukatoa vichala! Kibeti huyo alikuwa amejificha ndani ya mti wa watu muda wote, na hakuna aliyemjua.

Nimalizie na Hispania, maana hapa ndipo yule mwalimu wetu na mzabibu wanapogongana kabisa. Mwaka 1988, huko Murillo de Río Leza katika Rioja, mkulima mmoja aliona tawi moja la Tempranillo, zabibu nyeusi, limezaa vichala vyeupe. Angeweza kulipogoa likaishia jikoni. Aliliripoti, likazalishwa, na mwaka 2007 Tempranillo Blanco ikaruhusiwa rasmi kwenye mvinyo wa Rioja. Miaka kumi baadaye, 2017, watafiti wakaeleza kilichotokea ndani. Si jeni moja iliyopotea, ni ajali ya basi. Kromosomu tatu zilivunjika angalau sehemu 11, vipande vikaunganishwa ovyo, jeni 313 zikapotea, zikiwemo zile za rangi nyeusi. Seli ilinusurika kwa sababu ilikuwa na nakala ya pili nzima, ikaendelea kugawanyika kwa mitosisi mpaka ikawa tawi.

Mitosisi inavumilia, maana inanakili tu kilichopo. Meiosisi haikubali. Chavua na mayai mengi ya Tempranillo Blanco ni dhaifu, matunda hayashiki vizuri, mavuno yanapungua. Na zile kromosomu zilizovunjika hazipiti kwa watoto hata kidogo: kokwa zake zinapoota, miche inakuja na zile nakala nzima. Kwa hiyo usitafute mti huo kwa njia ya mbegu. Mimea yote ya Tempranillo Blanco iliyoko duniani imetokana na pingili za lile tawi moja la 1988.