Ushirika wa Sufuria: Nyumba za Wanafunzi wa Berkeley

Mwaka 1933 mtoto wa maskini aliyepata nafasi katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, hakushindwa na ada. Alishindwa na mahali pa kulala. Mdororo Mkuu wa uchumi ulikuwa umewafilisi wazazi, mabweni yalikuwa ya kuhesabu, na mwenye nyumba alidai kodi yake hali iwe njema au mbaya.

Karibu na chuo palikuwa na Stiles Hall, kituo cha YMCA kilichoongozwa na Harry Kingman, mtu aliyezaliwa China na kuichezea besiboli New York Yankees mwaka 1914. Kwa kuhimizwa naye, wanafunzi 14 waliungana. Wangekodi nyumba pamoja, wanunue chakula cha jumla, na kazi za ndani wazifanye wenyewe. Hapo ndipo ilipozaliwa Barrington Hall. Mwaka 1935 Barrington ilihamia jengo kubwa la Dwight Way, lenye nafasi ya vijana wapatao 200, na mwaka uliofuata wanawake wakapata nyumba yao, Stebbins Hall.

Mwaka huohuo wa 1933, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha ushirika wao, KNCU. Wanafunzi na wakulima hawa hawakujuana, lakini walichota maji katika kisima kimoja: kanuni za ushirika za wafumaji wa Rochdale, Uingereza, za mwaka 1844. Kila mwanachama kura moja, na mlango wazi kwa wote. Huko Berkeley mlango wazi lilikuwa jambo zito, maana wenye nyumba wengi walikataa kumpangisha mtu mweusi au Mwasia. Ushirika uliwapokea.

Siri ya bei nafuu iko jikoni. Kila mkazi wa nyumba hizi anadaiwa saa tano hivi za kazi kwa wiki. Huyu anakatakata vitunguu vya watu hamsini. Yule, baada ya chakula cha jioni, anakunja mikono ya shati na kusugua sufuria ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Mwingine anapiga deki chooni. Zamu zinaandikwa, na anayezikwepa anatozwa faini. Mshahara ambao ungelipwa wapishi na wafagiaji unabaki mifukoni mwa wanafunzi. Mtu anayepanga bajeti ya mkate kwa nyumba nzima, kisha akasimama mkutanini kuitetea, anajifunza somo ambalo ukumbi wa mihadhara hauna.

Ushirika ulikua. Leo una nyumba 17 na majengo matatu ya fleti, wanachama zaidi ya 1,200, na moja ya nyumba hizo inaitwa Kingman Hall.

Barrington yenyewe haikufika leo. Kufikia miaka ya 1980 kuta zake zilijaa michoro na sifa yake ilijaa dawa za kulevya; majirani walilalamikia kelele, kesi zikafuata. Uamuzi haukutoka chuoni wala polisi. Mwaka 1989 wanachama wa nyumba zote walipiga kura, wakaamua kuifunga nyumba mama. Wakazi wake walipinga kwa uchungu, na uchungu huo unaeleweka: walikuwa wakifukuzwa na wenzao. Ilifungwa mwaka 1990, jengo likaingia mikononi mwa mpangishaji binafsi. Wanaoishi humo sasa hulipa kodi tu. Hawana zamu ya sufuria, na hawana kura.