Blackwood

Blackwood ni mapatano ya mnada katika briji, mchezo wa karata wa watu wanne wanaocheza wawili wawili. Mchezaji anapotaja nne bila turufu, hakusudii kucheza kwa kiwango hicho. Anamwuliza mwenzi wake ana ree ngapi. Jibu ndilo linaloamua kama wataahidi slamu ndogo (mizunguko 12 kati ya 13), slamu kubwa (yote 13), au watasimama kwenye kiwango cha tano. Mapatano haya si siri: wapinzani wana haki ya kuelezwa maana yake.

Chimbuko

Yalibuniwa mwaka 1933 na Easley Blackwood (1903–1992), mtu wa kazi za bima wa Indianapolis, Marekani. Katika briji ya zamani, aliyeshinda mizunguko 12 alipata pointi za slamu hata kama hakuiahidi. Harold Vanderbilt alipotunga kanuni mpya mwaka 1925, pointi hizo nono zikawa za aliyethubutu kuiahidi slamu mnadani. Hapo ndipo haja ya kuuliza ilipozaliwa.

Bingwa wa nadharia za mnada wakati huo alikuwa Ely Culbertson, mwenye jarida la The Bridge World. Naye aliitumia nne bila turufu, ila kwa masharti mazito: mtajaji awe na ree tatu, au ree mbili pamoja na mfalme wa aina iliyokwisha kutajwa. Blackwood aliyafuta masharti hayo, akabakiza swali moja jepesi. Jarida liliikataa makala yake, lakini wachezaji waliyapokea mapatano yenyewe, yakaenea duniani kuliko ya Culbertson. Kuanzia 1968 hadi 1971 Blackwood aliongoza ofisi ya shirikisho la briji la Amerika Kaskazini.

Majibu

Tano pau ni kutokuwa na ree yoyote, au kuwa nazo zote nne. Tano uru ni moja. Tano kopa ni mbili. Tano shupaza ni tatu. Muulizaji akiendelea kwa tano bila turufu, anathibitisha kwamba ree zote wanazo, na sasa anauliza wafalme.

Kuuliza kwa busara

Thamani kubwa ya Blackwood ni kuwazuia wachezaji wasiingie slamu iliyokwisha kushindwa. Nguvu za kutosha na turufu iliyokubaliwa hutafutwa mapema katika mnada. Swali la ree huja mwisho. Wanaolikimbilia huumia.

Mwenye karata mbili dhaifu za aina ambayo haijatajwa hafai kuuliza. Hata akiambiwa kwamba wanakosa ree moja tu, hajui kama wapinzani wana ree na mfalme wa aina hiyo hiyo, na wakianza nayo slamu imekwisha. Aliyekosa kabisa karata za aina fulani naye hafai kuuliza: jibu la ree moja halimwambii ni ree ipi, na huenda ni ile asiyoihitaji. Hatari kubwa zaidi ni pau zikiwa turufu. Muulizaji mwenye ree moja akijibiwa tano uru, tano pau imekwisha kupitwa. Analazimika kupanda hadi sita huku ree mbili ziko kwa wapinzani. Kanuni iliyo bora ni kutouliza mpaka uwe na la kufanya kwa kila jibu linaloweza kuja.

Blackwood ya Kirumi ya karata muhimu

Katika aina hii, mfalme wa turufu huhesabiwa pamoja na ree nne, jumla karata tano muhimu. Majibu mengine huonyesha hata malkia wa turufu. Ni maendeleo makubwa, kwani slamu nyingi hufia kwenye turufu. Mmarekani Eddie Kantar aliiandikia kitabu kizima. Wachezaji wa mashindano huipendelea kuliko ya asili.

Gerber

Mwenzi akifungua kwa bila turufu, huulizwa ree kwa nne pau, mapatano ya John Gerber wa Texas.