Mafuta Yaliyopanda Bara: Habari za Reli ya Kusini

Katika lugha yetu neno mafuta lachukua vitu viwili: yale yakamuliwayo katika karanga, ufuta na nazi, nayo ni chakula; na yale yachimbwayo chini ya nchi, nayo ni ya kuchoma. Wasomaji na waturuhusu kukumbusha habari za njia ya chuma ya Lindi, iliyojengwa kwa kutafuta mafuta ya kwanza, nayo ikawa kazi yake kuyapandisha ya pili.

Baada ya vita vya 1939–1945 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 mabwana watatu, mkuu wao John Wakefield, walitumwa kuitazama nchi, wakashauri zilimwe ekari 3,210,000 za karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Hapa Tanganyika palichaguliwa Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Karanga si zao geni kwetu. Wengi huziita njugu nyasa, na jina hilo lataja ziwa lile ambalo misafara ya Kilwa Kivinje ililiendea siku nyingi kabla ya reli. Wenyeji walizilima kwa jembe la mkono, wala hawakuhitaji hata kibaba cha mafuta ya kuchoma. Lakini mpango huu ulikuwa wa matrekta, na mengine yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Trekta halili ugali. Kila siku ya kung'oa visiki yalitakiwa mafuta, na Nachingwea haikuwa na reli. Ile nyembamba ya zamani, iliyotoka Mingoyo, ilikuwa imekwisha kufungwa kabla ya vita.

Basi ikajengwa reli mpya. Bandari ya Lindi ina maji haba, hata meli kubwa hazikuweza kukaribia. Shehena ilishushwa katika matishari, ikapelekwa Mkwaya ndani ya hori, na huko ndiko njia ilikoanzia. Mwaka 1949 ilifika Nachingwea. Magari yalipanda na mafuta, vyuma, saruji na vyakula vya wafanya kazi. Ni nini kilichoteremka? Karanga kidogo sana. Twaona hapo ndipo penye kosa: reli huishi kwa mizigo ya kwenda na ya kurudi, na hii ilipewa ya kwenda tu.

Januari 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule, ikiwa imepoteza pauni kama milioni 36. Jambo la ajabu ni kwamba ujenzi haukukoma. Gati la Mtwara, lenye maji ya kina, lilifunguliwa mwaka 1954, likaunganishwa na reli, kisha njia ikafikishwa Masasi. Korosho na mazao mengine ya wakulima hayakutosha kuilipia gharama yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa, vyuma vikang'olewa. Gati lilibaki.

Tangu hapo mafuta ya Nachingwea yalichukuliwa kwa malori. Aliyesafiri kwa njia ya Kilwa kabla ya daraja la Rufiji kufunguliwa mwaka 2003 ajua maana yake: magari yalivushwa kwa pantoni, na masika yakizidi, yalingoja ng'ambo hata njia ikauke.