Daftari la mfukoni la rangi za maji: angalia karatasi, siyo jalada

Watembezi wengi wanaotoka Lushoto kwenda Mtae kwa miguu hulala Rangwi, kwa masista. Kwa anayetaka kuchora njiani, daftari la A6 (sm 10.5 kwa 14.8) linaingia mfuko wa jaketi bila shida.

La kuangalia kwanza ni uzito wa karatasi. Ile ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, ikiguswa na maji inajikunja. Tafuta gramu 300. Za 200 zinavumilika kama hutumii maji mengi. Karatasi ya pamba tupu ndiyo bora, ila bei yake imechangamka, na kwa mazoezi siyo lazima.

Kuhusu jalada, lililoshonwa kwa uzi hulala wazi vizuri, hivyo unaweza kuchora mlima kwenye kurasa mbili. La springi halikupi hiyo nafasi.

Shida kubwa ya Usambara ni ukungu. Asubuhi rangi inachelewa kukauka. Ukifunga daftari mapema kurasa zinagandana na kazi yote kwisha. Beba vibanio viwili, chora upande mmoja tu wa karatasi, na tembea na daftari wazi mkononi mpaka likauke.