Malkia Anne Boleyn na Neno la Watu

Wazee walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo, laja." Jioni hii twapenda kuipima methali hiyo kwa habari za Anne Boleyn, Malkia wa Uingereza, aliyekatwa kichwa tarehe 19 Mei 1536.

Katika usichana wake Anne alikaa Ufaransa miaka kadha, akimtumikia Malkia Claude. Huko alijifunza lugha, ngoma na adabu za wakubwa. Huko nako Mfalme Francis wa Kwanza alikuwa na mahawara, wala hakuna aliyethubutu kumshitaki.

Aliporudi kwao, Mfalme Henry wa Nane alimpenda, naye Mfalme ana mke, Catherine wa Aragon. Anne akakataa kuwa hawara. Papa hakukubali kuivunja ndoa ya kwanza. Basi Henry akamwoa Anne mwaka wa 1533, na Kanisa la Uingereza likatengana na Roma.

Mfalme alitaka mrithi mwanamume. Tarehe 7 Septemba 1533 akazaliwa binti, Elizabeth. Januari 1536 mimba nyingine ikaharibika, na moyo wa Mfalme ulikwisha mwelekea Jane Seymour. Hapo ndipo fitina ilipopata mlango.

Tarehe 2 Mei Malkia alikamatwa, akafungwa katika ngome ya London. Akashitakiwa kwamba amezini na wanaume watano, mmoja wao George, ndugu yake wa tumbo moja, na kwamba ameazimia kumwua Mfalme. Wanne walikana, Mark Smeaton, mpiga vinanda, peke yake alikiri kuzini. Mabwana wakubwa 26 waliketi kumhukumu, na mkuu wa baraza hilo alikuwa mjomba wake mwenyewe. Wote wakasema ana hatia.

Na tuitazame hati ya mashitaka. Yasema kwamba tarehe 12 Oktoba 1533 Malkia alizini katika jumba la Westminster. Lakini siku zile alikuwa Greenwich, mzazi ambaye, kwa hesabu yetu, hajatimiza arobaini yake. Tarehe nyingine nyingi za hati hiyo nazo hazipatani na mahali alipokuwapo. Ndiyo maana wataalamu wengi wa historia hawayasadiki mashitaka hayo.

Anne aliuawa kwa upanga. Siku 11 baadaye, tarehe 30 Mei, Mfalme alimwoa Jane Seymour.

Basi, lililosemwa lilikuwapo? Kilichokuwapo ni haja ya Mfalme. Neno lilitafutwa ili liifuate. Mwanamume aliyekuwa na mahawara hakuulizwa neno, na mwanamke aliulizwa hata kwa siku ambazo hakuwapo.

Elizabeth, aliyeitwa mwana wa haramu, alitawala Uingereza tangu 1558 hata 1603. Nasi tufundishao waalimu twawaambia wanafunzi wetu: mkisikia neno juu ya mtu, msiulize kwanza kama lasemwa na wengi. Ulizeni ni nani alilianza, na likisadikiwa, yeye atapata nini.