Historia ya bia nyeusi: kimea kilichoungua kiliwatia hasara wapishi wa London

Wengi wakiona bia nyeusi wanafikiri nafaka yake yote imechomwa. Si hivyo. Wapishi wa bia wa London, Uingereza, walichukua karibu miaka 100 kulielewa jambo hilo, na walioumia zaidi ni wanywaji.

Katika karne ya 18, wafanyakazi wa mji huo walipenda bia nyeusi iliyoitwa porter, yaani mpagazi, kwa sababu wabeba mizigo waliinywa sana. Ilipikwa kwa kimea cha shayiri. Shayiri ililowekwa, ikaachwa iote, kisha ikakaushwa juu ya moto mkali wa kuni mpaka ikawa ya rangi ya kahawia. Kimea cheupe, kilichokaushwa polepole, kilikuwa na bei ya juu, basi wapishi wa porter wakakiacha.

Mwaka wa 1784, John Richardson, mpishi wa bia wa mji wa Hull, alichapisha kitabu juu ya chombo cha kupima sukari iliyo ndani ya maji ya kimea. Vipimo vilionyesha kwamba kimea cha kahawia kinatoa sukari kidogo kuliko kile cheupe. Kumbe bei rahisi ilikuwa hasara! Moto mkali unaua nguvu inayogeuza wanga wa nafaka kuwa sukari, na pasipo sukari hakuna kileo.

Wapishi wakageukia kimea cheupe, lakini bia ikapoteza weusi wake. Tena kodi ya kimea ilikuwa imepanda wakati wa vita na Ufaransa. Hapo udanganyifu ukaingia. Wengine walitia sukari iliyounguzwa, wengine hata mbegu zenye sumu, ili bia nyepesi ionekane nzito na kali. Mwaka wa 1816 bunge liliwakataza wapishi kutumia kitu kingine zaidi ya kimea na hopsi, maua machungu yanayotiwa katika bia.

Mwaka uliofuata, Daniel Wheeler alipewa hati ya uvumbuzi wake: kukaanga kimea ndani ya chombo cha chuma kinachozungushwa juu ya moto, kama watu wanavyokaanga kahawa. Kimea hicho cheusi, kidogo tu, kilitosha kuipa bia rangi yake. Tangu hapo kimea cheupe kikawa msingi wa bia nyeusi, na kile kilichokaangwa kikawa kiungo.

Kanuni hiyo si ya shayiri peke yake. Mama anayeotesha mtama ili auze pombe na kulipia watoto masomo anaweza kuifuata: sehemu kubwa ya kimea aianike vizuri kwenye jua, na akaange kidogo tu kwa ajili ya rangi. Akichoma chote, atapata weusi, lakini nguvu ya nafaka yake itakuwa imeishia motoni.