Kwa nini mtoto hulazwa usingizi anapotibiwa moyo bila upasuaji

Mzazi akiambiwa mwanawe atatibiwa moyo bila kupasuliwa kifua, hushusha pumzi, kisha huuliza: sasa nusu kaputi ya nini?

Katheta, yaani mrija mwembamba, huingizwa kwenye mshipa wa kinena na kusukumwa hadi ndani ya moyo, daktari akifuata picha za eksirei. Mtu mzima huweza kutulia kwa ganzi ya pale kinenani tu. Mtoto wa miaka miwili hawezi, na kilio chake hubadilisha presha ambazo daktari anataka kuzipima. Hapa Tanzania matibabu haya hutolewa na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015.

Tatizo ni kwamba dawa za usingizi nazo hugusa moyo. Propofoli hutanua mishipa na kushusha presha. Kwa mtoto mwenye tetralojia ya Fallot, ambaye midomo yake huwa ya bluu, presha ikishuka damu isiyo na oksijeni hupita kwenye tundu la moyo na kwenda mwilini bila kufika mapafuni. Ndiyo maana madaktari wengi wa usingizi huchagua ketamini, ambayo kwa kawaida huilinda presha. Ilitumiwa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1964 na bei yake ni nafuu. Kwetu sisi uzee huo si dosari.

Hatari kubwa zaidi ni pumzi. Usingizi ukizidi, mtoto hupumua kidogo, hewa ukaa hujikusanya na mishipa ya mapafu hubana. Vipimo vya presha ya mapafu hupotoka, na huenda uamuzi wa kuziba tundu ukategemea vipimo hivyo. Kifaa cha kidoleni huchelewa kuonyesha, hasa mtoto akiwa anapewa oksijeni. Kinachopima hewa ukaa kwenye pumzi huwahi. Awepo mtu ambaye kazi yake ni usingizi tu, wala si kushika katheta. Mzazi ana haki ya kuuliza ni nani.

Nyumbani, kwa kawaida mtoto hasili wala kunywa maziwa ya kopo kwa saa 6 kabla ya usingizi, maziwa ya mama kwa saa 4, na maji kwa saa 2. Kijiko cha uji alichopewa na bibi kwa huruma kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, kwa hiyo kisifichwe. Mtoto mwenye midomo ya bluu naye asikae na kiu kupita muda alioagizwa, maana damu yake ni nzito. Akiwa na kikohozi au homa, daktari aambiwe mapema, hata kama tarehe itasogezwa.